Historia: Pete ndogo iliyofundisha wafua vyuma kupima msuguano

Mahali pengi mashariki mwa Kongo ganda la risasi si kitu cha kushangaza. Linaonekana kando ya barabara, shambani, mara nyingine hata nyuma ya darasa. Wazazi wanawakataza watoto wasiokote chochote, na wana haki, maana kinacholala chini kinaweza kuwa bado kina baruti. Lakini ganda tupu likitazamwa na fundi wa vyuma linaleta swali. Halina mshono. Halikuchomelewa wala kuunganishwa kwa misumari. Lilianza kama kipande bapa cha metali, kikasukumwa ndani ya tundu la chuma kigumu, mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka kikawa kikombe kirefu chenye kitako. Ilikuwaje metali isipasuke? Ilikuwaje isigande kwenye chombo kilichoisukuma?

Jibu ni utando mwembamba kuliko unywele, uliokaa kati ya metali na chombo. Historia ya utando huo inapita Katanga, Ujerumani, Ufaransa, Japani na Uingereza. Ndani yake kuna shaba ya Kongo, vita viwili vya dunia, sabuni, na pete ndogo kama rondela nene ya gari. Pete hiyo ndiyo iliyowawezesha mafundi kujua kwa namba kama utando wao unafaa au haufai.

MKONO MKAVU NA BUGALI

Kila anayesonga bugali anaujua msuguano, hata kama neno hilo hajalisikia darasani. Mkono mkavu ukishika bugali wa moto, unanata kwenye vidole. Mkono uliochovywa kwenye maji unateleza, na tonge linatoka laini. Bugali ni uleule. Kilichobadilika ni maji kidogo kati yake na ngozi.

Fundi wa kufua vyuma anakutana na jambo hilohilo kila siku. Anachukua kipande cha resori ya gari, anakitia kwenye makala mpaka kiwe chekundu, anakisimamisha juu ya fuawe na kukipiga nyundo kutoka juu. Kipande hakipanuki sawasawa. Kichwa chake kinashikwa na nyundo, kitako kinashikwa na fuawe, na katikati kinavimba kama pipa. Sehemu ya uvimbe huo inatokana na baridi ya vyombo, lakini sehemu kubwa ni alama ya msuguano: metali ilitaka kwenda pembeni, ikazuiwa pale ilipoguswa.

Kizuizi hicho kina gharama. Wahandisi wana hesabu rahisi ya kuionyesha. Tuseme kuna kisahani cha metali chenye upana wa milimita 60 na unene wa milimita 6, kinachobanwa kati ya sahani mbili za chuma. Kama kusingekuwa na msuguano wowote, kingehitaji nguvu ya kiasi fulani; tuiite 100. Kikipakwa kilainishi kizuri, nguvu inafika karibu 117. Kikibanwa kikavu, inafika karibu 200. Metali ni ileile na umbo ni lilelile, lakini nguvu imeongezeka maradufu, na ziada yote imekwenda kupigana na msuguano. Katika kiwanda ziada hiyo inalipwa kwa umeme na kwa vyombo vinavyovunjika kabla ya wakati. Kwa fundi wa kijijini inalipwa kwa bega lake na kwa magunia ya makala.

WAYA WA SHABA KABLA YA VIWANDA

Wakongo walikutana na tatizo hili zamani sana. Katanga iliyeyusha shaba karne nyingi kabla ya Wazungu kufika, na misalaba yake ya shaba ilisafiri mbali kwa biashara. Shaba hiyo haikubaki kuwa misalaba tu. Ilivutwa pia ikawa waya wa bangili na mapambo. Kwenye makaburi ya Ingombe Ilede, upande wa Zambia karibu na mahali mto Kafue unapoingia Zambezi, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta misalaba ya shaba pamoja na vyombo vya kuvutia waya. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Bayeke wa mfalme Msiri, waliotoka Usumbwa katika Tanzania ya leo na kuweka makao yao Bunkeya, walijulikana kwa kazi hiyo ya waya.

Kuvuta waya ni kupigana na msuguano uso kwa uso. Fimbo ya shaba inachongwa ncha, inapitishwa kwenye tundu dogo la bamba la chuma, kisha inavutwa kwa nguvu. Inapotoka upande wa pili imekuwa nyembamba na ndefu zaidi. Tundu likikwaruza, waya unakatika. Tundu likiteleza, waya unaendelea. Fundi wa wakati ule hakuwa na namba ya kumweleza mwenzake tundu lake linateleza kiasi gani. Kipimo chake kilikuwa uzito alioushikilia mkononi na sauti ya waya unapopita. Kijana aliyetaka kujua alikaa karibu na mzee miaka mingi. Mzee akifa kabla kijana hajaiva, ujuzi unakwenda naye kaburini.

Ulaya nayo haikuwa mbali na hali hiyo. Wafua vyuma wa huko walitupa vumbi la mbao lenye unyevu na maji ya chumvi ndani ya kalibu za nyundo kubwa, ili chuma cha moto kisigande. Ilifanya kazi. Kwa kiasi gani, kila karakana ilikuwa na maneno yake.

SHERIA ILIYOTOSHA KWA KASHA, ISIYOTOSHA KWA CHUMA LAINI

Watu wenye elimu walikuwa wameupima msuguano zamani, lakini msuguano wa aina nyingine. Leonardo da Vinci wa Italia aliuandika kwenye madaftari yake mwishoni mwa karne ya 15. Mwaka 1699 Guillaume Amontons aliwaeleza wanazuoni wa Paris kwamba mzigo ukiongezeka mara mbili, msuguano nao unaongezeka mara mbili, na kwamba ukubwa wa sehemu inayogusana haubadilishi kitu. Karibu miaka 80 baadaye, Charles-Augustin Coulomb, mhandisi wa jeshi la Ufaransa, alifanya majaribio marefu kwenye bandari ya Rochefort, akapata tuzo mwaka 1781.

Kutoka kwao ilibaki namba moja rahisi. Kasha la kilo 100 likihitaji kusukumwa kwa nguvu ya kilo 30 ili liteleze, namba ya msuguano ni 0.3. Namba ndogo ni utelezi. Namba kubwa ni ukwaruzo.

Sheria hiyo inatosha kwa kasha linaloburutwa sakafuni, kwa sababu kasha halibadiliki umbo. Chuma kinachofuliwa kinabadilika. Kinatiririka taratibu kama udongo wa mfinyanzi, na uso wake unatanuka kila kinapobanwa. Tena kuna mpaka. Msuguano ukizidi, metali inaacha kuteleza kabisa juu ya chombo. Ngozi yake inaganda, na utelezi unahamia ndani ya metali yenyewe. Wapishi wanalijua jambo hili: bugali ukishika sufuria, mwiko unakata katikati ya bugali na ukoko unabaki chini. Kwa hesabu inayotumika sana kwa metali, mpaka huo ni karibu 0.577. Zaidi ya hapo namba haina maana tena, kwa kuwa hakuna kinachoteleza.

Basi mtu angepimaje namba ya msuguano mahali ambapo metali inatiririka, imebanwa kwa tani nyingi, na hakuna jicho linaloweza kuingia kati ya chuma na chombo? Swali hilo lilikaa muda mrefu bila jibu zuri. Wakati huo vita vilileta haraka yake.

SHABA ILIYOKOSEKANA UJERUMANI

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza ya kiwanda chake cha Lubumbashi ilimiminwa mwaka 1911. Miaka mitatu baadaye vita vya kwanza vya dunia vikaanza. Shaba ya Katanga ilikwenda kwa Washirika, na sehemu yake ikawa maganda ya risasi na ya mizinga.

Ganda la risasi kwa kawaida lilitengenezwa kwa shaba ya njano, yaani sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki. Metali hiyo ina tabia njema. Inavutika sana bila kupasuka, na inakubali kusukumwa kwa kilainishi cha kawaida kama maji ya sabuni. Shida yake ni kwamba nchi isiyo na shaba haiwezi kuwa nayo kwa wingi. Ujerumani ilikuwa nchi hiyo. Katika miaka ya 1930, ilipokuwa ikijiandaa tena kwa silaha, ilitaka maganda ya chuma cha pua badala ya shaba ya njano.

Chuma cha pua kilikataa. Kikisukumwa bila moto, kinahitaji nguvu kubwa zaidi, na chini ya nguvu hiyo mafuta na sabuni vinakamuliwa vyote. Chuma kinagusa chuma. Vipande viwili vinashikana kana kwamba vimechomelewa, halafu vinachanika. Kalibu inaharibika baada ya vipande vichache.

Suluhisho lilitoka kwenye dawa ya kutu. Mwaka 1906 Thomas Watts Coslett wa Uingereza alipata hataza ya kuchovya chuma kwenye dawa ya fosfati ili kisipate kutu. Mwaka 1934, nchini Ujerumani, Fritz Singer aliandikisha wazo la kutumia tabaka la fosfati kwa kazi tofauti: kushikilia kilainishi wakati chuma kinapobadilishwa umbo bila moto.

Kazi inakwenda hivi. Chuma kinasafishwa kwa asidi na kuoshwa. Kinachovywa kwenye dawa ya moto yenye asidi ya fosfori na zinki. Juu yake zinaota chembe ndogo zilizoshikamana na chuma chenyewe, kama ukungu ulioota kwenye ukuta. Kisha kinachovywa kwenye sabuni ya moto. Sehemu ya sabuni inaungana na zinki ikawa sabuni ya zinki, isiyotoka kwa maji, na inayobaki inakauka juu. Tabaka lote lina unene wa mikroni kumi hivi, wakati unywele wa mtu una karibu 70. Chuma kinapobanwa na uso wake kutanuka, tabaka linatanuka pamoja nacho. Namba ya msuguano inashuka mpaka karibu 0.05.

Kwa utando huo wa sabuni, chuma cha pua kilikubali kusukumwa baridi, na katika vita vya pili vya dunia Ujerumani ilitumia maganda ya chuma kwa wingi. Shaba iliyokosekana ilikuwa imezibwa pengo lake na kemia.

Upande wa pili wa vita, shaba ya Kongo iliendelea kutoka. Ubelgiji ilipovamiwa Mei 1940, koloni la Kongo lilibaki na Washirika, na uzalishaji wa Katanga ukasukumwa juu. Bei za vitu zilipanda kuliko mishahara. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai malipo. Tarehe 9 mwezi huo, katika mji wa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, askari wa koloni waliwafyatulia risasi, na makumi ya watu wakauawa. Waliochimba na kuyeyusha shaba ya maganda waliuawa kwa risasi.

Shaba haikuwa mchango pekee wa Kongo. Kuanzia mwaka 1911 kampuni ya Lever ilipewa maeneo makubwa ya michikichi, na mafuta ya mawese yakasafirishwa kwenda kutengenezwa sabuni. Mafuta hayohayo yalijulikana pia kwa mafundi wa Ulaya na Marekani kama kilainishi bora cha kupitisha mabati membamba kwenye mitambo ya kubana chuma. Nchi moja ilitoa metali ya kufuliwa na mafuta ya kuilainisha. Kanuni za kuviunganisha viwili hivyo ziliandikwa na kuwekwa mahali pengine.

KIOO BADALA YA SABUNI

Sabuni ina mwisho wake. Chuma kikiwa cha moto wa nyuzi 1,200, sabuni na mafuta vinaungua mara moja. Nchini Ufaransa, kwenye viwanda vya Ugine katika milima ya Savoie, Jacques Séjournet alipata njia nyingine katika miaka ya 1940. Alitumia kioo.

Kwa mtu aliyezoea kioo cha dirisha, hilo linaonekana kinyume cha akili. Lakini kioo kwenye moto mkali hakiungui. Kinalainika na kuwa kizito kama asali. Unga wa kioo ukiwekwa kati ya chuma chekundu na kalibu, unayeyuka kidogokidogo, unaufunika uso wa chuma, na wakati huohuo unazuia joto lisiiharibu kalibu. Kwa njia hiyo mabomba ya chuma kisichoshika kutu yaliweza kusukumwa marefu bila kuchanika. Kwenye kufua kwa nyundo na presi, viwanda vingine vilishika njia ya grafiti iliyochanganywa na maji, inayopulizwa kwenye kalibu kabla ya kila pigo. Maji yanakauka na grafiti inabaki.

PETE INATOA USHAHIDI

Vita vilipoisha mwaka 1945, kila upande ulikuwa na maelekezo yake: fosfati na sabuni, kioo, grafiti, mafuta ya wanyama, mafuta ya mawese. Lakini ipi ni bora, na kwa kazi gani? Wauzaji wa vilainishi walisifu bidhaa zao, na mafundi walibishana kwa mazoea.

Njia iliyoonekana wazi ilikuwa kupima nguvu ya presi. Ina kasoro. Nguvu ikiwa kubwa, huenda msuguano ni mkubwa, au huenda metali yenyewe ni ngumu kuliko ilivyodhaniwa. Mambo mawili yamechanganyika ndani ya namba moja, na hakuna wa kuyatenganisha.

Katikati ya miaka ya 1950, mtafiti wa Kijapani aitwaye Kunogi alipendekeza kuacha kuitazama presi na kutazama umbo la kipande. Alitumia pete. Miaka michache baadaye, nchini Uingereza, A. T. Male na M. G. Cockcroft waliikamilisha njia hiyo, na maelezo yao yakachapishwa mwaka 1964-65 katika jarida la Taasisi ya Metali. Tangu hapo jaribio la pete limeenea katika maabara za dunia nzima.

Linafanyika hivi. Pete ya metali inakerezwa kwa vipimo vya 6 kwa 3 kwa 2: upana wa nje, upana wa tundu, na kimo. Kwa mfano milimita 18, 9 na 6. Inapakwa kilainishi kinachochunguzwa, inawekwa kati ya sahani mbili za chuma laini zisizo na mikwaruzo, na inabanwa mpaka kimo kipungue, tuseme nusu. Kisha tundu linapimwa kwa kalipa.

Kama hakuna msuguano kabisa, pete yote inapanuka kama kisahani, na tundu linapanuka pamoja nayo. Kimo kikipungua nusu, tundu la milimita 9 lingefika karibu 12.7, na upana wa nje ungefika karibu 25.5. Hayo ni matokeo ya hesabu, kwa sababu metali haipotei. Kinachopungua kwenye kimo kinaongezeka kwenye upana.

Msuguano ukiwepo, metali inaona taabu kusafiri mbali kwenda nje. Tundu linapanuka kidogo tu. Msuguano ukizidi zaidi, metali iliyo karibu na tundu inapata njia fupi: inarudi ndani. Tundu linaanza kufungwa. Ndani ya unene wa pete panakuwa na duara la mpaka. Nje yake metali inakwenda nje, ndani yake inakwenda katikati. Kadiri kilainishi kilivyo kibaya, ndivyo duara hilo linavyosogea mbali na tundu, na ndivyo tundu linavyozidi kuwa dogo.

Kwa hiyo mtu anaweza kusoma kwa macho. Tundu kubwa, kilainishi kizuri. Tundu dogo, kilainishi kibaya. Kwa anayetaka namba, Male na Cockcroft walitoa michoro ya mistari: mtu anatafuta kimo kilichopungua upande mmoja na tundu lililobadilika upande mwingine, na mstari unaokutana hapo unamwambia namba ya msuguano. Katika miaka ya 1960 wanahesabu, akiwemo Betzalel Avitzur, waliieleza tabia hiyo kwa hesabu za nishati, na mistari ikapata msingi imara zaidi.

Faida kubwa ni kile ambacho jaribio halihitaji. Halihitaji kujua nguvu ya presi. Halihitaji kujua ugumu kamili wa metali. Linahitaji pete iliyokerezwa vizuri, kitu cha kubana, na kalipa. Chuma chenyewe kinatoa ushahidi.

FAIDA NA MIPAKA YAKE

Mwaka 1966 serikali ya Uingereza ilipokea ripoti ya kamati iliyoongozwa na Peter Jost kuhusu msuguano, uchakavu na ulainishaji. Kamati ilikadiria kwamba viwanda vya nchi hiyo vingeweza kuokoa pauni milioni 515 kwa mwaka kwa kuyashughulikia mambo hayo vizuri. Ripoti hiyo ndiyo iliyolipa taaluma hii jina la tribolojia, kutoka neno la Kigiriki la kusugua.

Jaribio la pete halitoshi kwa kila kitu. Uso wa pete hautanuki sana, wakati kwenye kazi nzito za kusukuma chuma uso unatanuka mara nyingi zaidi. Kilainishi kinaweza kufaulu kwenye pete na kushindwa kiwandani. Ndiyo maana yalikuja majaribio mengine, kama lile la vikombe viwili: kipande cha mviringo kilichomo ndani ya kalibu kinabanwa kati ya kisukumio cha juu kinachoshuka na cha chini kisichosogea, vikombe viwili vinaota, na tofauti ya vimo vyao inaonyesha msuguano. Wazo ni lilelile la pete, yaani kusoma umbo badala ya kusoma nguvu.

Kilainishi nacho si kizuri kadiri kinavyoongezwa. Kikizidi, kinanasa kwenye pembe za kalibu na kuzuia chuma kisizijaze. Mafuta yakinaswa chini ya chuma cha moto, yanaweza kulipuka na kumwunguza fundi. Fosfati inaacha tope lenye metali nzito ambalo likimwagwa ovyo linachafua maji, na kwa sababu hiyo viwanda vimekuwa vikitafuta tabaka zenye madhara madogo. Bila kipimo, fundi hawezi kujua kama amepunguza sumu bila kuongeza msuguano.

KWA FUNDI ALIYEHAMA

Mashariki mwa Kongo, fundi wa vyuma anayekimbia vita mara nyingi anaacha fuawe, mivukuto na akiba ya vyuma. Fuawe haibebwi mgongoni pamoja na watoto. Anachofika nacho kwenye kambi ya wahami ni ujuzi wa mikono, na ujuzi huo unahitaji namna ya kupitishwa kwa vijana kabla haujapotea.

Hapo pete ina faida yake, maana vipimo vyake vinabebwa kichwani: 6, 3, 2. Hata bila chuma, somo lake linaonekana. Watafiti wenyewe mara nyingi hutumia udongo laini wa kuchezea badala ya metali ili kusoma mtiririko wake. Mwalimu au mzazi anaweza kufinyanga pete mbili za udongo zilizo sawa: sentimita 12 upana wa nje, 6 tundu, 4 kimo. Moja ibanwe kati ya mbao mbili kavu zenye mikwaruzo. Nyingine ibanwe kati ya mbao laini zilizopakwa mafuta ya mawese. Zote zishushwe mpaka kimo cha sentimita 2, kisha matundu yapimwe kwa rula. Tofauti ya matundu ndiyo msuguano, na mtoto wa shule ya msingi anaweza kuiandika kwenye daftari lake.

Karakana yenye umeme kidogo inaweza kwenda mbali zaidi. Pete ya alumini laini ya milimita 18, 9 na 6 inaweza kubanwa nusu kwa presi ya garaji ya tani 20, ile inayotumiwa kutolea rulemani, mradi kuna kinga ya macho na mtu asisimame mbele ya presi. Pete moja ipakwe sabuni, nyingine mawese, nyingine iachwe kavu. Jioni hiyohiyo karakana itakuwa na jibu lake yenyewe, bila kusubiri muuzaji awaambie kilainishi kipi kinafaa.

Mzee wa Bunkeya aliyevuta waya alijua kwa mkono wake tundu linapoteleza, lakini hakuwa na njia ya kumwachia kijana jambo hilo kwa namba. Pete inatoa namba hiyo. Ikiandikwa kwenye daftari pamoja na jina la kilainishi na aina ya metali, inaweza kusafiri kutoka karakana moja hadi nyingine, na kutoka kambi hadi kijijini siku ya kurudi.